Shimo la Shangazi Dirce

Milano, 4 Machi 1953

Shangazi Dirce,

Kaa kitako kwanza. Kama tayari uko shimoni, shika ubao. Mimi Nullo Zambrelli, mgonga jibini wa Castelfosco, ndiye mwenye sauti kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye koo la binadamu tangu Nuhu alipowaita wanyama safinani. Sijisifu, nakupa habari tu.

Jana nilisimama mbele ya wazee watano wa ukumbi mkubwa wa hapa. Wanne walikuwa wanasinzia. Nilipofika kwenye nota ya juu ya opera yetu "Mlinzi wa Daraja", ile unayonikataza kila siku nisiishikilie, nikaishikilia. Mzee wa katikati akayawahi meno yake ya bandia kwa mkono. Huko nje farasi wa gari la maziwa akakata kamba, akaenda kupatikana stesheni ya treni. Farasi sikumwona kwa macho yangu, lakini mwenye gari alikuja kulalamika, na mtu halalamiki bure.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Walinipa karatasi ya nota nisiyowahi kuiona, wakasema, "Haya kijana, tuimbie hii." Sasa wewe unajua na mimi najua: kwangu mimi nota ni nzi waliokufa kwenye waya. Nikawaambia nimesahau miwani nyumbani. Mpiga kinanda akanihurumia, akaniimbia mara moja, nami nikamrudishia yote vilevile, hata kikohozi chake cha katikati nikakiweka mahali pake. Wakacheka. Wamenichukua.

Yote nimeyapata kwako, sikatai. Miaka saba nimekaa kwenye sanduku miguuni pako chini ya jukwaa, wewe ukiwanong'oneza waimbaji maneno kabla hayajawatoka kichwani, mimi nikiyameza pamoja na fidla na tarumbeta zake. Lakini habari ya miwani ibaki kati yetu. Baba usimwambie. Ottorino kinyozi ndiyo kabisa, maana ukimwambia Ottorino umewaambia watu wote wa darini, wale wa viti vya juu kabisa ukumbini, nao wakijua kitu hawakisemi, hukipigia mbinja.

Mtoto wa kaka yako,
Nullo, Teno, yaani mwimbaji wa sauti ya juu (na kwenye bahasha uandike hivyo)


Castelfosco, 11 Machi 1953

Nullo,

Barua nimeipata. Nuhu hakuita mnyama yeyote. Walikuja wawili wawili kwa amri ya Mungu. Ungevuka darasa la tano ungejua.

Nimefurahi. Naliandika hili mara moja ili nisilirudie.

Sasa nisikilize. Nina miaka ishirini na mbili shimoni. Kutoka mle naona viatu kabla sijaona nyuso, na nimeona viatu vya mateno wengi. Sauti ni mgeni: hulala siku anazotaka, kisha huaga. Anayebaki ni yule anayejua kusoma. Nota ni saba tu. Kuku wa jirani yetu Argia ana vifaranga saba, na akipotea mmoja anajua. Usikubali kushindwa na kuku.

Kuhusu miwani, nunua. Mtu akisema amesahau miwani, lazima siku moja aonekane ameikumbuka. Chagua ya kioo kitupu isije ikakuharibu macho. Sijui kama nafanya vizuri kukufundisha hili.

Mkuu wa kiwanda cha jibini anakuulizia. Wameweka kijana mwingine kugonga magurudumu ya jibini. Anagonga kila moja mara nne na bado lenye ufa linampita. Anasema wewe ulikuwa unagonga mara moja unasema, "Hili lina ufa ndani," na wakilipasua wanaukuta. Sikio hilo ni la kushangaza. Lakini sikio halijawa jicho.

Dirce Zambrelli


Buenos Aires, 20 Juni 1956

Shangazi wa mtu mashuhuri,

Mimi sasa ni sigara. Sikutanii. Hapa kuna pakiti ina picha yangu, nimeinua kidevu kama jogoo wa padri. Watu wananinunua, wananivuta, wananizima kwa kiatu. Ndio umaarufu wenyewe, wala hauumi.

Tangu Krismasi nimeimba Lisbon, Barcelona na Chicago. Chicago nusura nijichimbie kaburi. Nilipomaliza wimbo wangu, ukumbi mzima ulipiga mbinja. Mimi mtoto wa Castelfosco nikajua leo nimekufa. Nikawapigia ile ishara ya matusi ya Ottorino, ya kiganja na kiwiko, nikatoka jukwaani nimenuna. Wakazidisha. Kumbe kwao mbinja ni pongezi. Kesho yake gazeti likaandika kwamba nawasalimu wasikilizaji kwa desturi ya kupendeza ya kijijini kwetu. Sasa naombwa niifanye kila mji.

Nota? Hakuna anayeuliza. Nikipewa opera mpya namwambia mpiga kinanda, "Hebu nipigie nisikie unavyoielewa wewe." Anafurahi kwamba mkubwa anataka maoni yake. Akimaliza, nami nimemaliza. Miwani ninayo jozi tano, moja ya dhahabu. Naivaa, naivua, naipangusa, nauma mkono wake nikifikiri. Hakuna profesa anayefikiri kama mimi.

Mnong'onezi wa hapa analala. Juzi nilisikia akikoroma kwenye mdundo, angalau hilo. Nilipomsikia nilikukumbuka na miguu yako ya baridi. Nakuletea viatu vya manyoya ya kondoo.

Nullo (wanaoomba sahihi wanapata herufi ya kwanza tu, wewe nimekupa jina zima)


Castelfosco, 2 Agosti 1956

Nullo,

Viatu ni vizuri. Nikivivaa siingii shimoni, na nikiingia sitoki. Nimempa Argia, anavivaa akienda kwa kuku.

Ukumbi wetu umepata mkurugenzi mpya, Bwana Pelosi. Anasema shimo la mnong'onezi ni jipu katikati ya jukwaa, kwamba kumbi za kisasa zimeyaziba mashimo yote, kwamba wa viti vya mbele hawaioni miguu ya waimbaji. Nilimuuliza tangu lini opera inaimbwa kwa miguu. Hakucheka. Ana daftari la makosa. Mpiga ngoma akichelewa, limo. Mwanakwaya akipiga chafya, limo. Aliniita ofisini akasema kwa adabu kabisa, "Signora Dirce, siwezi kukuondoa bila sababu. Nitaisubiri sababu."

Kwa hiyo kosa langu moja tu likiandikwa, shimo linapigwa mbao. Miaka ishirini na mitano sina hata moja. Mume sina, mtoto sina, nina shimo. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue mambo yalivyo.

Ottorino anauliza hiyo ishara yake wanakulipa kiasi gani kwa kuifanya, na fungu lake liko wapi.

Dirce


Vienna, 15 Oktoba 1959

Shangazi,

Futa neno Teno kwenye bahasha, halinitoshi tena. Andika Maestro.

Ilianzia Hamburg mwaka juzi. Nilikuficha ili nikija kukwambia nikushtue. Kiongozi wa okestra aliteleza ngazini wakati wa mapumziko, akavunjika mkono. Watu wakaanza kudai wapewe makoti yao waende. Nikatoka nilivyo, nimevaa nguo za mfungwa na minyororo ya bati, nikaikamata fimbo yake ya kuongozea. Opera nzima ninayo kichwani, si sehemu yangu tu, kila chombo. Kila nikipiga mdundo minyororo inalia. Walisimama kunishangilia dakika kumi na moja. Kuna mtu alihesabu.

Sasa sikiliza magazeti, maana hapa ndipo ukae kitako. "Zambrelli anaongoza bila kitabu." "Kipaji cha karne, haitazami nota hata moja." Shangazi, haitazami nota hata moja! Ukweli mtupu umeandikwa mbele ya dunia nzima na hakuna anayeujua. Wenzangu wanageuza kurasa kama watu wanaotafuta namba ya simu. Mimi nawatazama wapiga fidla machoni. Mazoezi ya kwanza namwachia msaidizi, nakaa nyuma ukumbini nimekunja mikono. Wanadhani napima. Ninameza.

Jumamosi naimba, Jumapili naongoza. Miji minane hadi leo.

Na habari kubwa ni hii: Pelosi wako ameniandikia kwa wino wa zambarau. Ananitaka nifungue msimu hapo nyumbani, tarehe 26 Desemba, siku ya Mtakatifu Stefano, saa kumi alasiri, "Mlinzi wa Daraja", niongoze. Nimekubali kabla sijafika mwisho wa barua. Fikiria: mimi juu, wewe shimoni, na wa darini wote wakitazama. Nikipotea kidogo utanishika mkono, si ndiyo? Natania. Sipotei.

Maestro Nullo


Castelfosco, 24 Oktoba 1959

Nullo,

Usije na fimbo. Njoo na koo lako, uimbe, ule, uondoke.

Kuongoza okestra isiyokujua ni jambo moja. Hapa kuna watu waliokusikia ukibalehe. Mtu wa darini hasomi nota, lakini "Mlinzi wa Daraja" aliimbiwa tumboni kwa mama yake. Tena mji huu una mazoea yake: hapa tunaruka kipande, pale tunarudia, na kila mwaka hubadilika. Mabadiliko hayaji kwa wimbo, huja kwa namba za vipande kitabuni.

Lakini najua umekubali tayari. Basi sikiliza. Ukipotea nitavaa glavu nyekundu ya sufu mkono wa kulia. Nikifunga ngumi, ngoja. Nikifungua, waingize. Hiyo ni ya dharura, na namwomba Mungu isitoke mfukoni. Pelosi anakaa safu ya kwanza, kiti cha tatu, na daftari liko gotini.

Na ulete kitabu. Hata kama huwezi kukisoma, kiwepo.

Nitatengeneza anolini mia tatu, zile tambi zilizojazwa nyama, za mchuzi wa Krismasi. Baba yako anadai mia ni zake.

Shangazi yako


[Kipande cha karatasi kilichopelekwa chumba cha kiongozi, 26 Desemba 1959, saa tisa na dakika ishirini alasiri]

Mheshimiwa Maestro,

Koo la mwimbaji wetu mkuu, Bi Iole Ferraguti, limekauka, hawezi kuimba sehemu ya tatu yote. Tumekubaliana na wanamuziki, kwaya na mnong'onezi: tukifika namba 47 tunaruka moja kwa moja hadi namba 53. Wote wameandika kwenye vitabu vyao. Kwa kuwa wewe hutumii kitabu, nimeona nikuarifu kwa maandishi. Tafadhali tia sahihi hapa chini kwamba umeelewa.

Bolzoni, fidla ya kwanza

Sawa. Hakuna tatizo.
N. Zambrelli


Castelfosco, 2 Januari 1960

Kwa Bi Dirce Zambrelli, Mnong'onezi

Yah: Kusitishwa kwa huduma

Rejea onyesho la tarehe 26 Desemba. Katika sehemu ya tatu, baada ya namba 47, nusu ya kwaya ilitii mkono wa kiongozi na nusu ikatii mapatano ya awali. Kiongozi na okestra wakawa mahali pawili tofauti kwa muda wa takriban dakika moja, wasikilizaji wa viti vya juu wakipaza sauti. Ulionekana ukisimama, nusu ya mwili nje ya shimo, ukipunga glavu nyekundu, hadi wote wakakufuata. Jambo hilo halina mfano katika historia ya ukumbi huu.

Nilifanya uchunguzi siku hiyohiyo. Kwa mujibu wa maelezo ya Maestro Zambrelli mwenyewe, chanzo cha mkanganyiko ni mnong'onezi kutoa maneno ya mahali pasipo pake. Nilipokuuliza kama una la kusema, ulijibu kwamba huna.

Kosa limeandikwa. Huduma yako ya miaka ishirini na minane inakoma leo. Shimo litafunikwa kwa mbao za mwaloni kabla ya onyesho la tarehe 10. Uongozi unakutakia afya njema.

E. Pelosi, Mkurugenzi


New York, 19 Januari 1960

Shangazi yangu,

Hapa theluji imefika kiunoni, na kiuno changu si cha chini. Jana nimeongoza mbele ya watu elfu tatu. Mke wa balozi alilia hadi wanja ukamfika kwenye lulu.

Nimesikia umepumzika. Ni vizuri, ulikuwa umechoka na lile shimo, na unyevu ule si wa mtu wa miaka hamsini na nane. Ile siku mlangoni hatukupata nafasi ya kuongea vizuri, lakini najua ulinielewa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba onyesho lazima liendelee. Nikianguka mimi, wanaanguka watu mia: mawakala, wanamuziki, kampuni ya sahani za santuri, hata yule wa sigara. Ni hesabu tu. Na wewe hukukanusha, kwa hiyo naona tuko pamoja.

Nimekulipia tiketi ya meli uje ukae nami. Nina nyumba yenye vyumba ambavyo sijaviingia bado. Utalala hadi saa nne, utakunywa kahawa, nitakutambulisha kwa watu kama mwalimu wangu. Mwalimu wa nini, tutafikiria.

Ottorino anasemaje? Wa darini wanasemaje? Najua hawana la kusema, lakini wanalisemaje?

Nullo


Castelfosco, 8 Februari 1960

Nullo,

Tiketi nimeirudisha ofisi ya meli.

Unauliza wa darini wanasemaje. Siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, walikuja mlangoni kwangu kumi na wanne, kofia mkononi. Ottorino akasema, "Dirce, kule juu tulisikia wewe na Iole mko pamoja, na Nullo na nusu ya kwaya wako peke yao. Sikio letu linasema si wewe. Karatasi ya Pelosi inasema ni wewe. Tuambie wenyewe." Nikawaambia niacheni, nina nguo za kuanika. Ottorino akavaa kofia. Akasema, "Basi ni wewe, maana mtu asiye na kosa hatazami kamba ya nguo." Waliondoka. Tangu siku hiyo nikiingia dukani kwa mwoka mikate wananipisha kama mfiwa. Hakuna anayenitania. Miaka ishirini na minane walikuwa wananitania kila siku.

Kama ningesema ukweli, dunia ingejua kwamba huwezi kusoma, na ingejua tangu lini, na ingejua kwamba ni mimi niliyekuambia ununue miwani. Kosa la kwanza ni langu. La kwanza tu.

Shimo wamelifunika. Nilikwenda kutazama. Mbao ni nzuri.

Nakutumia vitu viwili kwenye kifurushi. Cha kwanza ni kijitabu cha nota wanachoanzia watoto wa bendi yetu. Kina picha ya bata kwa kila nota, usiione aibu. Cha pili ni kitabu changu cha mnong'onezi cha "Mlinzi wa Daraja", cha tangu mwaka 1931. Namba 47 iko ukurasa wa 112. Siku utakapoweza kuusoma ukurasa huo bila kusaidiwa na mtu wala kinanda, niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie, sitafungua.

Na usije ukaniomba radhi kwa siri. Radhi ya siri ni kuimba umefunika kichwa kwa sufuria. Unayesikia ni wewe tu.

D. Z.


Vienna, 3 Novemba 1960

Shangazi Dirce,

Kaa kitako. Mimi Nullo Zambrelli ndiye mwanafunzi mkubwa kuliko wote waliowahi kuogopa bata. Nina miaka ishirini na saba na nimemaliza kijitabu. Mwalimu wangu ni mjane wa mpiga zumari, Bi Leopoldine. Hanijui kabisa, anasema redio humuumiza kichwa. Nilimwambia nafanya biashara ya jibini. Hunichapa vidole kwa penseli, na nikipatia hunipa kipande cha keki kavu kuliko mahubiri ya Kwaresima. Nimekula vipande vichache sana.

Tangu Machi sijaongoza. Wakala anawaambia watu naumwa bega. Naimba tu, na nikiimba sivai miwani.

Ukurasa wa 112 nimeusoma. Peke yangu, mezani, bila kinanda, siku nne. Namba 47 fidla zinanyamaza. Namba 48 kwaya ya wafungwa inaanza kutoka mbali. Hayo niliyajua. Lakini chini kabisa ya ukurasa kuna nota moja ya fidla zile kubwa za kusimama, peke yake, ndefu, imeshikiliwa wakati wote wafungwa wanaimba. Opera hii nimeiongoza mara thelathini na moja. Sikujua kwamba ile ni nota. Nilikuwa naisikia nikidhani ni sakafu.

Pembeni umeandika kwa penseli, mwaka 1946: "Mtoto kasinzia sandukuni. Shusha sauti." Nilikaa na hiyo siku nzima, na hiyo haikuwa nota.

Sasa, umesema nisiombe radhi kwa siri. Nami nimefikiri, na kufikiri kwangu unakujua, si kwa haraka. Nikikuandikia wewe yaliyotokea, ninakuambia unachokijua. Kwa hiyo yanayofuata si yako. Mpe Ottorino. Ayasome darini, siku ya Mtakatifu Stefano, kabla taa hazijazimwa, kwa ile sauti yake ya kunyolea. Nakala moja nimempelekea Bwana Pelosi aibandike kwenye daftari lake, na nyingine nimempa mwandishi wa gazeti la Milano yule yule aliyeandika sitazami nota hata moja. Wakala akijua atalia. Acha alie, mimi nimelia mwaka mzima.

Ottorino, anzia hapa.

Watu wa darini, mimi ni Nullo, yule wa jibini. Kwanza, yule farasi wa Milano nilimtunga. Hakukuwa na farasi. Habari ya meno ya mzee ilikuwa ya kweli.

Pili, nimepita miji ishirini na miwili ya dunia hii nikiimba na miji kumi nikiongoza, na katika miji yote hiyo sikuwa najua kusoma nota. Nilikuwa nagonga na kusikiliza, kama kiwandani. Wenye kitabu waliniita hodari kwa sababu sikuwa nacho.

Tatu, ile siku ya Mtakatifu Stefano. Saa tisa na dakika ishirini Bolzoni alinitumia karatasi kwamba tunaruka kutoka namba 47 hadi 53. Sikujua 47 ni wapi. Kutoka chumbani kwangu hadi kwenye shimo ni ngazi kumi na mbili. Ningeshuka nikamuuliza Dirce, angeniimbia kipande kile masikioni na mambo yangekwisha. Lakini mlangoni palikuwa na mpiga picha, na nilitaka anipige nikiwa nasaini. Nikaandika "Sawa. Hakuna tatizo." Karatasi anayo Bolzoni, muulizeni.

Ilipofika 47 okestra iliruka, Iole akaruka, mimi nikabaki. Nikawainulia mkono wafungwa, na nusu yao, maskini, wakanitii. Yule mliyemwona akitoka shimoni na glavu nyekundu hakuwa anakosea. Alikuwa anatukusanya, kama mtu anayekusanya kuku wa jirani. Sikio lenu lilisikia sawasawa. Hilo lote ni kosa la kazi, na kosa la kazi hata Bolzoni analo, msimwambie nimesema.

Lililoharibika kweli si hilo. Opera iliharibika dakika moja, ikarudi.

Baada ya pazia Bwana Pelosi alikuja chumbani na daftari lake. Nyuma yake, mlangoni, alisimama shangazi yangu. Glavu bado ilikuwa mkononi, na mkono huohuo ulishika sahani ya anolini iliyofunikwa kitambaa, kwa sababu alijua huwa sili kabla ya onyesho. Pelosi akafungua daftari, akalamba penseli, akauliza, "Maestro, nani aliyekosea?" Dirce akanitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, hakufunga ngumi wala hakuifungua. Aliningoja tu, kama anavyomngoja mwimbaji ambaye maneno anayo.

Nikasema, "Ni yeye."

Nilisema kwa sauti ndogo sana, mimi wa Nuhu. Pelosi hakusikia. Akaniomba nirudie.

Nikarudia.

Nullo Zambrelli